Mawe ya Marehemu

Watu walimwita Fundi Pua, na wala hakukasirika. Alikuwa fundi wa majokofu, na jina hilo alilipata kazini, si kwa ukubwa wa pua yenyewe, ingawa hata huko, tuseme ukweli, Mungu hakumnyima. Mafundi wenzake wakitafuta mahali gesi inapovuja hupaka povu la sabuni kwenye mabomba, wakakaa kusubiri mapovu. Yeye aliinama nyuma ya friji, akavuta hewa mara moja, akafumba macho, kisha akaweka kidole: "Hapa." Na kweli panakuwa hapo. Wateja wakashangaa, yeye akavimba kichwa. Mwisho akajiwekea sheria yake mwenyewe, kwamba kitu kibaya lazima kinuke, na kisichonuka hakina neno. Sheria hiyo ilimlisha miaka mingi. Ndiyo hiyo hiyo iliyokaribia kumwulia dada yake Jumapili moja ya mvua.

Huyo dada ndiye aliyemlea. Wazazi walifariki yeye angali anatambaa, dada akiwa msichana mkubwa tu, na tangu hapo akawa mama na baba kwa wakati mmoja. Alimwogesha, alimsomesha, alimchapa, na alimchapa vizuri. Hata Fundi Pua alipoota mvi kichwani, dada bado alimwita "wewe mtoto". Mke wa fundi alishaondoka zamani akilalamika kwamba nyumba nzima inanuka mafuta ya kompresa za friji, wakabaki wawili, kaka na dada, katika nyumba ya vyumba viwili na jiko lililotengwa kwa pazia.

Dada alikuwa mfagiaji katika kliniki ya meno. Pale mapokezi palikuwa na tangi kubwa la kioo, la maji ya chumvi, na ndani yake samaki mmoja mwenye milia ya manjano aliyekuwa na tabia ya kumfuata. Dada akipangusa kioo kwenda kulia, samaki naye kulia. Akirudi kushoto, huyo naye anarudi. Alikuwa akisimulia nyumbani kila siku, "Mwenzangu leo kanuna," au "Mwenzangu leo kachangamka," mpaka Fundi Pua akamwonea wivu samaki. Kisha siku moja dada akateleza kwenye sakafu aliyoideki mwenyewe, akavunjika nyonga, na kazi ikaishia hapo.

Kitanda chake kikawekwa chumba cha mbele. Mwanzoni alitawala nyumba akiwa amelala: chumvi imezidi, mlango usiubamize, hilo shati uliloshika si safi. Kifua chake kilikuwa dhaifu tangu zamani, kwa hiyo dirisha lilifungwa kuzuia vumbi, na kutoka kitandani alichokiona ni ukuta tu. Taratibu akanyamaza. Fundi alipomuuliza chakula kiko vipi, alijibu "sawa". Alipobamiza mlango kwa makusudi ili agombezwe, dada akasema "sawa" vilevile, akageukia ukutani. Neno hilo lilimtia fundi hofu kuliko kilio. Alimjua dada yake. Huyu mtu alikuwa anaaga.

Basi akaamua: atamletea mwenzake. Atajenga tangi, la maji ya chumvi, liwe pale miguuni pa kitanda, na ndani yake aogelee samaki wa milia ya manjano. Watu walimshauri afuge samaki wa maji matamu, ni rahisi, hawana madeko. Akakataa katakata. Vioo alivipata kwenye friji la duka lililofungwa, akaviunga kwa gundi ya silikoni kwenye fremu ya chuma aliyoichomelea mwenyewe. Pampu akaitoa kwenye mashine mbovu ya kupozea hewa. Alipolijaza maji kulijaribu, alipitisha gazeti kavu kwenye kila kona, na gazeti likabaki kavu. Siku hiyo dada aligeuka kutoka ukutani, akalitazama lile tangi lisilo na samaki kwa muda, akasema, "Limependeza, ila limepinda." Fundi Pua alitoka nje akacheka peke yake kwa furaha.

Kilichobaki ni mawe. Tangi la maji ya chumvi haliendi bila mawe ya baharini, yale yenye matundu, kwa sababu humo ndimo vinamokaa vijidudu vinavyosafisha uchafu wa samaki. Muuza samaki wa mapambo alipomtajia bei ya mawe mapya, fundi alicheka mpaka yule bwana akaudhika.

"Basi tafuta ya mitumba," akamwambia. "Makavu, yaliyotolewa kwenye tangi la mtu. Lakini uyaloweke nje, kwenye ndoo, uwe unabadilisha maji, na usiwe na haraka. Wiki kadhaa. Hujui mwenyewe alikuwa anafuga nini humo."

Wiki kadhaa! Fundi Pua alimwona dada yake kichwani, uso ukutani. Hakuwa na wiki kadhaa za kuchezea.

Mawe ya mitumba yalipatikana kwa mjane mmoja aliyemwita kutengeneza friji. Marehemu mumewe, fundi wa saa, alikuwa mpenzi wa samaki. Tangi lenyewe lilishauzwa zamani, mawe yakabaki kwenye mabeseni katika banda la uani. Mjane alisimama mlangoni mwa jiko, hakusogea hata hatua.

"Yako kule, fundi. Mimi sifiki huko."

"Kwani yanauma, mama?"

Mjane hakucheka. "Sijui yanafanya nini. Ninachojua sitaki kuyaona. Na wewe usiyaingize ndani, nakuomba."

Yalikuwa mawe mepesi kuliko yalivyoonekana, yenye matundu kama mkate uliokauka. Mengine yalikuwa na vijiduara vya kahawia kwenye nyufa, vimekauka vimepangana kama vifungo vya shati. Fundi alikwangua kimoja kwa kucha, akanusa. Hakuna kitu. Akakwangua kingine, akanusa tena. Chumvi tu, na vumbi.

Huku nyuma mjane alikuwa akiongea, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara nyingi kwenye nyumba tupu.

"Singekunyima chai, ila mimi chai sipiki. Marehemu alipokuwa hai nilikuwa nampikia kila asubuhi. Siku ya mwisho alikuwa bafuni anayasugua hayo mawe kwa maji ya moto na brashi ya waya. Akatoka anatetemeka. Nikampa chai, akaonja, akaitema. Akasema, 'Mke wangu, umetia misumari humu?' Hakuinywa. Jioni akafa. Wakasema ni moyo. Lakini mimi najiuliza, fundi, mpaka leo najiuliza, nilitia nini kwenye ile chai?"

"Pole sana, mama," alisema Fundi Pua. "Na haya makubwa nayo nachukua?"

Ndivyo alivyosema. Hakuwa mtu mbaya, lakini masikio yake yalikuwa yameshafika nyumbani, yanampangia mawe ndani ya tangi. Akayafunga kwenye gunia, akaondoka.

Sasa, kwa fundi wa majokofu, maji ya moto ndiyo dawa ya kila kitu. Trei limeota ukungu, maji ya moto. Bomba limeziba mafuta, maji ya moto. Akapiga hesabu yake: kile ambacho ndoo ya maji baridi inakifanya kwa wiki kadhaa, sufuria inayochemka itakimaliza kabla ya chakula cha mchana. Jumapili akawasha jiko la mkaa uani, akabandika sufuria kubwa, akapanga mawe ndani. Hayajapata hata joto, mvua ikamwaga. Mkaa ukazimika ukifuka moshi. Alisimama kidogo pale kizingitini na sufuria mikononi, na maneno ya mjane yakampitia, usiyaingize ndani. Akayapungia mkono. Akaingiza sufuria jikoni, akaibandika kwenye jiko la gesi, akafunga mlango mvua isirukie ndani.

"Unapika nini?" dada akauliza kutoka upande wa pili wa pazia.

"Mawe."

"Eti nini?"

"Mawe, dada. Ya samaki wako."

Halafu ile sauti aliyoikosa kwa muda mrefu ikarudi: "Watu Jumapili wanapika nyama, wangu anapika mawe. Yakiiva usinipe lile kubwa, sina meno."

Fundi Pua alijisikia mwepesi kama kijana. Akafunua kifuniko. Mvuke ukampiga usoni, akauinamia kwa makusudi, akavuta kwa nguvu zote kama alivyozoea nyuma ya mafriji, akafumba macho. Chumvi, na tope kidogo. Hakuna baya. Akaiacha sufuria wazi ili yachemke vizuri, na mvuke ukapanda, ukajaa jiko, ukapenya pembeni mwa pazia. Dirisha lilikuwa limefungwa, mlango umefungwa. Kioo cha tangi jipya kikafanya ukungu.

Aliipua fungu la kwanza, akaweka la pili, lile lenye vifungo vingi. Ndipo alipoanza kuwashwa koo. Akakohoa. Chumba cha mbele dada naye akakohoa.

"Vumbi la mawe yako hilo," dada akasema.

"Mvua hii, vumbi litoke wapi? Ni baridi tu."

Na baridi aliisikia kweli. Ilimwanzia mgongoni, ikashuka miguuni, akaanza kutetemeka meno yakigongana karibu kabisa na jiko linalowaka. Midomo ikamfa ganzi kidogo. Malaria, akajisemea, hii si bure. Dada akakohoa tena, safari hii kwa muda mrefu, na mwisho wa kikohozi pakabaki mlio mwembamba kila alipovuta pumzi. Fundi alinusa hewa. Hakuna kitu. Akanusa tena kwa sababu moyo ulikuwa umeanza kumwenda mbio bila yeye kujua kwa nini. Hakuna kitu, nyumba nzima haina hata harufu ya mtu.

"Ngoja nikupikie chai, ikupashe kifua," akasema.

Akaipika kwenye moto wa pili wa jiko hilo la gesi, pembeni ya sufuria ya mawe. Akaweka sukari, akampelekea, akamwinua kichwa kwa mkono. Mwili wa dada ulikuwa wa moto. Dada akapiga funda moja, akakunja uso.

"Wewe mtoto," akasema kwa taabu, "chai hii umetia misumari?"

Fundi Pua alitaka kucheka. Akachukua kikombe akaonja. Chuma kitupu. Ulimi mzima ulikuwa chuma, kama alivyowahi kung'ata misumari akiwa juu ya ngazi. Na hapo kikombe kikiwa bado mdomoni, alimwona yule mjane mlangoni mwa jiko lake, na akayasikia maneno yote aliyoyapuuza, moja baada ya jingine. Bafuni. Maji ya moto. Akatoka anatetemeka. Umetia misumari humu?

Kikombe kikaanguka. Akakimbilia jikoni, akazima gesi, akaipiga kifuniko ile sufuria. Akalivuta dirisha, likagoma, lilikuwa halijafunguliwa tangu dada aumie. Akalipiga kwa kigoda, kioo kikapasuka. Akarudi kitandani. Midomo ya dada ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Tunatoka nje."

"Mvua..."

"Tunatoka!"

Akambeba. Nyonga ile ambayo hata kuigeuza ilikuwa shughuli, aliibeba hivyo hivyo, na dada alipiga ukelele mmoja, akampiga kofi la shingo, kisha akakosa pumzi ya kupiga la pili. Kofi lile alilipenda maisha yake yote. Akaketi naye kwenye baraza, mvua inawapiga usoni, akamwita jirani, dereva wa teksi, kwa sauti ambayo jirani alisema baadaye alidhani nyumba inaungua.

Hospitali walimwekea dada oksijeni. Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye maneno machache. "Mzee, nyumbani kulikuwa na nini? Mmepuliza dawa ya wadudu? Mmewasha mkaa ndani?"

Hapo fundi aliona aibu. Atamwambiaje mtu aliyesoma kwamba alikuwa anachemsha mawe? Akasema, "Nadhani ni malaria tu." Daktari akaandika. Akageuka kuondoka. Kwenye kitanda, chini ya barakoa ya plastiki, kifua cha dada kilikuwa kinapanda kwa shida, kinashuka kwa shida.

"Mawe," Fundi Pua akapayuka. "Daktari, nilichemsha mawe. Ya baharini, ya mtumba. Kuna mtu mwingine aliyasugua akafa."

Daktari hakucheka. Alirudi, akavuta kiti, akauliza yalikuwaje, yana nini juu yake. Aliposikia habari ya vifungo vya kahawia akatoka kupiga simu, na aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika. Alimweleza kwamba vile vifungo ni viumbe wa baharini, wafu, na baadhi yao huacha sumu kali hata wakiwa wamekauka. Moto hauiui. Ukichemsha au kusugua, unaipandisha hewani.

"Lakini nilinusa," fundi akasema, na sauti ikamvunjika. "Nilinusa, daktari. Mara ngapi!"

"Haina harufu, mzee."

"Dawa yake?"

"Hakuna ya kuitoa. Tutamsaidia apumue, mengine ni mwili wake. Na wewe lala hapo, una homa."

Alilazwa kitanda cha pili. Hakulala. Alihesabu pumzi za dada yake kama mlinzi, na kila ilipochelewa moja, naye alizuia yake. Alijichukia. Alimtaka amgombeze, amtukane, amwite mpumbavu mbele ya wauguzi wote. Dada hakusema kitu. Siku moja ikapita hivyo, na nyingine, na katika moja ya hizo wauguzi walivuta pazia kuzunguka kitanda chake, wakakaa nyuma yake muda mrefu, na fundi akang'ata shuka.

Pazia likafunguliwa. Dada alikuwa bado anapumua.

Alichukua muda kurudisha maneno, na kifua chake kilibaki na ule mlio, nao haukuondoka tena. Fundi Pua akamsimulia yote, hakujipendelea: mjane, bafu, maji ya moto, chai. Dada alisikiliza macho juu. Fundi alipofika kwenye chai, dada akamgeuzia uso.

"Huyo mama anajua?"

"Anajua nini?"

"Kwamba si chai yake, we mtoto!" Akakohoa, akapumzika, akaendelea. "Miaka yote mtu anajiita muuaji, na wewe umelala hapa unahesabu dari. Nenda kamwambie. Halafu samaki wangu bado namtaka. Na mawe ununue mapya, bahili mkubwa wewe."

Alipotoka hospitali hakwenda nyumbani. Watu wa afya walikuwa wameshayaondoa mawe, wamejifunika mpaka macho, hata yaliyobaki bandani kwa mjane. Alimkuta mjane ameketi uani, analitazama banda tupu.

"Wamekuja watu hapa hawakunieleza kitu," mjane akasema. "Nini, fundi? Nimeua mwingine?"

"Si chai, mama."

"Nini?"

"Ile chai yako haikuwa na kitu. Ni mawe. Yana sumu, ukiyatia moto inaingia kwenye pumzi, na ulimi unageuka chuma. Dada yangu alisema vilevile, misumari, na chai nilipika mimi."

Mjane alimtazama sana. Mikono yake ikawa inakuna magoti, inakuna tu, kama inatafuta kitu kilichoanguka.

"Niliitupa ile sufuria," akasema mwishoni. "Niliisugua, niliisugua, nikaona bado, nikaitupa. Nikanunua nyingine, nikaogopa hata kuibandika." Kisha akalia, kwa sauti, bila kujificha, na fundi akakaa pale hajui aweke wapi mikono yake.

Alipomaliza, akajifuta, akasimama. "Utakunywa chai," akasema. Halikuwa swali.

Kutoka jikoni fundi alisikia jiko linawashwa, maji yanamiminwa. Baadaye akasikia maji yanaanza kuchemka, na mvuke ukatoka mlangoni, mweupe, mwembamba, ukamjia. Nywele zikamsisimka. Kila kiungo chake kilitaka kukimbia. Akashika kiti kwa mikono miwili, akabaki.

Mjane akaleta kikombe, akampa, akasimama mbele yake. Alikuwa anamtazama mdomo.

Fundi Pua akanywa. Misumari. Misumari mitupu, kama ile ya Jumapili, maana daktari alikuwa amemwambia ulimi utachelewa kupona, huenda sana. Aliyashikilia yale maji mdomoni, akayameza.

"Vipi?" mjane akauliza kwa sauti ndogo.

"Tamu, mama," alisema Fundi Pua. "Niongeze na kingine."